Mitutu Arobaini

Mama Funguo alihesabu mara ya nne, safari hii akiigusa kila bunduki kama mwalimu anayehesabu watoto wa chekechea, na bado zikawa arobaini. Arobaini kamili. Hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi, maana ingepungua hata moja angalau angejua pa kuanzia kulia.

Shida ilikuwa kwenye nafasi ya ishirini na saba. Hapo ilitakiwa kukaa bunduki namba 4471. Bunduki ilikuwapo, imetulia, mkanda wake umekunjwa vizuri, lakini namba iliyochongwa ubavuni ilikuwa 9036. Na hiyo 9036 haikuwamo kwenye daftari lake, tangu ukurasa wa kwanza mpaka ule wenye doa la chai. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sare, akaivaa tena. Namba haikuona haya, ilibaki vile vile.

Alikuwa sajini, mtunza ghala la silaha la kituo cha polisi, na jina la Mama Funguo alipewa kwa sababu mshipi wake ulilia kabla yeye mwenyewe hajatokea. Kila asubuhi kanuni ilimtaka asome namba ya kila bunduki kwa sauti na kuitia alama daftarini. Aliyeitunga kanuni hiyo hakika hajawahi kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, chini ya taa moja, akisoma namba ndogo kama mayai ya chawa kwenye chuma cheusi. Kwa hiyo yeye, kama wote waliomtangulia, alihesabu mitutu. Askari akichukua bunduki huacha kibati chake kwenye msumari wa nafasi ile. Akiirudisha, huchukua kibati chake. Mitutu ukijumlisha na vibati, arobaini. Kisha husaini chini ya maneno yaliyokwisha kupigwa chapa: "Zimesomwa namba kwa namba." Alikuwa amesaini hivyo kwa miaka tisa bila mkono kutetemeka.

Leo ilimlazimu kusoma kwa sababu mpelelezi wa makao makuu alikuwa anakuja saa nane mchana kuichukua 4471 kama kielelezo. Bunduki hiyo ilikuwa imeua mtu. Na aliyesaini kuichukua siku mtu huyo alipouawa alikuwa Kitinda, mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye fomu zake za kujiunga na polisi alizipeleka yeye mwenyewe kwa miguu yake.

Siku nne nyuma, siku ya Alhamisi, mgombea alihutubia uwanjani, watu wa upinzani nao wakaja kumzomea, na askari wa vituo viwili wakapelekwa kutuliza mambo. Yalitulia kwa namna yake. Fundi viatu mmoja alipigwa risasi ya kifua akiwa kwenye kibanda chake, sindano bado mkononi. Mama mmoja muuza nguo alipigwa ya nyonga, akapelekwa hospitali, na risasi ilikuwa bado imo mwilini kwa kuwa madaktari walisubiri apate nguvu ndipo wampasue. Msemaji wa serikali alitangaza kwamba silaha zilitumika kulinda amani. Askari tisa walipiga risasi siku ile, na wote tisa waliandika kwenye fomu neno moja: "Hewani." Ukisoma fomu zile unaweza kulihurumia anga.

Kitinda naye aliandika hivyo. Risasi tatu, hewani. Lakini kila bunduki ya serikali, kabla haijagawiwa, hupigwa risasi moja kwenye maabara, na risasi hiyo huwekwa pamoja na namba yake, maana kila mtutu huiachia risasi mikwaruzo yake. Iliyotolewa kifuani kwa fundi viatu ililinganishwa na zile za akiba, ikaangukia 4471. Jumamosi wakamvua Kitinda mshipi na kumtia mahabusu pale pale kituoni, mlango wa tatu kutoka ghala la dada yake.

Sasa 4471 haipo, na hakuna kilichopungua. Kichwa kilimzunguka Mama Funguo. Je, kijana ameitupa? Kama ameitupa, hii ameitoa wapi? Bunduki haziokotwi njiani kama vifungo vya shati. Alifunga ghala, akajaribu kitasa mara mbili, akaenda mahabusu.

Kitinda alikuwa amekaa sakafuni, amekumbatia magoti. Askari wa zamu, ambaye wiki iliyopita alikuwa akimtania, alijifanya anasoma ukuta.

"We mtoto," Mama Funguo alinong'ona kupitia vyuma, "ile bunduki uliyorudisha Alhamisi uliitoa wapi?"

"Dada, si ulinipa wewe."

"Niliyokupa mimi siyo iliyoko pale. Nakuuliza kwa mara ya mwisho kabla sijapandwa na wazimu."

Kitinda alimtazama kama mtu anayeambiwa kwamba mguu wake mmoja ni wa jirani. "Sikuelewi."

"Hata mimi sijielewi. Uliiweka chini mahali popote?"

Alifikiri, akijikuna kidevu kisicho na ndevu za kutosha. "Tuliziegemeza ukutani. Nyuma ya tangi la maji. Ule moshi wa mabomu ya machozi uliturudia wenyewe, upepo ulikuwa unatoka upande ule. Tukaenda kunawa macho, sisi na wale wa kituo cha pili. Mara kelele, watu wanakuja, Afande anapiga filimbi. Kila mtu akakwapua yake."

"Yake?"

"Zote zinafanana, Dada."

"Hiyo ilikuwa kabla ya kupiga au baada?"

"Kabla. Kabla kabisa. Ndiyo tukatoka pale mbio, ndiyo tukaanza kupiga."

Mama Funguo alihisi kitu kinamfunguka kifuani na papo hapo kingine kinajifunga, asijue ashike kipi. Aliomba ruhusa ya nusu saa, akaenda kituo cha pili kwa miguu, jua la saa tano likimpiga utosini.

Mtunza ghala wa kule alikuwa mzee aliyebakiza miezi minane kustaafu, aliyeitwa Makini na watu waliojua kutania. Alimkuta anapaka mafuta bawaba ya mlango.

"Shikamoo, mzee wangu. Una bunduki ngapi?"

"Marahaba. Sitini."

"Zote zipo?"

"Mama, unanitukana kwangu? Sitini kamili. Nimesaini asubuhi hii."

"Umezisoma?"

Mzee Makini aliangalia kopo lake la mafuta. "Nimezihesabu," alisema.

Walizisoma pamoja, yeye akishika tochi, mzee akichungulia kupitia kioo cha kukuzia maandishi alichokuwa nacho kwa ajili ya gazeti. Bunduki ya arobaini na nne ndiyo iliyowasimamisha. Ilikuwa 4471. Na 9036 ilikuwa yake kweli, iliandikwa daftarini kwake kwa mwandiko wake mzuri. Alhamisi ile aliisaini konstebo mmoja aliyechukua risasi ishirini na kurudisha kumi na tisa.

"Moja tu," mzee alisema taratibu. "Aliniambia hewani."

Mama Funguo alijikuta amekaa juu ya sanduku la risasi, jambo ambalo amewakaripia watu wengi kwa kulifanya. Machozi yalimtoka kwa furaha, tena bila aibu. Si Kitinda. Aliyemuua fundi viatu si Kitinda.

Mzee Makini alirudishia mlango. "Mwanangu, nisikilize. Hapa unaichukua ya kwako, mimi naichukua ya kwangu. Kimya kimya. Mitutu yako arobaini, yangu sitini. Mimi nimebakiza miezi minane."

"Na mdogo wangu?"

"Mdogo wako wanasheria watamsaidia."

"Mzee, wanasheria watamsaidia na nini? Daftari langu linasema 4471 alikuwa nayo yeye, na kwamba niliisoma kwa macho yangu jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa yake. Mimi ndiye ninayemfunga!"

Alipolisema kwa sauti ndipo alipolielewa. Si maabara iliyomtia Kitinda ndani, ni saini yake. Kumtoa kulikuwa na njia moja tu, naye angejipalia makaa: aandike kwamba hakusoma namba, si Alhamisi wala siku nyingine yoyote. Kwa silaha iliyoua mtu, hilo halikuwa kosa la kuonywa kwa barua. Alimsihi mzee asiiguse 4471, akaweka mkono kifuani badala ya kuaga, akarudi.

Aliandika akiwa amesimama. Aliandika mambo kwa mpangilio, kama alivyofundishwa: tangi la maji, ukuta, filimbi, bunduki kubadilishana mikono. Akaandika: "Bunduki 9036, iliyokutwa katika nafasi ya 27, ndiyo aliyokuwa nayo mdogo wangu wakati wote wa kupiga risasi." Akalipigia mstari neno "wote". Kisha, kwenye aya ya mwisho: "Sikuwa nasoma namba. Nilikuwa nahesabu mitutu." Kalamu ilivuja, ikamtia wino kidoleni.

Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili. "Unajua umejifanyia nini?"

"Najua, Afande."

"Miaka tisa?"

"Tisa, Afande."

Mkuu alikuna kichwa, akainuka, akakaa tena. Inaelekea alikuwa akijiuliza ni nini kingine kituoni kwake kilichokuwa kinahesabiwa tu. "Mimi nilijua una macho mazuri," alisema hatimaye, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kilema.

Mpelelezi alifika saa nane kasoro dakika kumi, mwembamba, mkoba kwapani. Alisoma maelezo yote bila kukunja uso. Akampigia simu mtu wa kituo cha pili, akasikiliza, akakata.

"Ipo kule," alisema. "Basi kijana hahusiki na fundi viatu. Hongera, Mama, umeniokoa na kosa kubwa." Akaipindua 9036, iliyokwisha kuletwa mezani. "Na hii ndiyo aliyokuwa nayo? Una hakika?"

"Hakika kabisa! Nimeandika humo, na mstari nimepiga."

"Vizuri. Hata kuibeba sihitaji leo, namba inatosha. Risasi yake ya akiba iko maabara." Alinakili zile tarakimu nne kwenye kijitabu chake, akakifunga kwa mpira. Mama Funguo alizikabidhi funguo kwa Mkuu, kama kanuni inavyotaka kwa mtu anayechunguzwa. Mshipi wake ukawa mwepesi hata akahisi suruali inateremka. Hakujali. Alipita kantini, akachukua chai kwenye kikombe cha bati, akaenda mlango wa tatu.

"Kunywa chai, mheshimiwa," alisema, akicheka na kulia pamoja. "Siyo wewe. Fundi viatu siyo wewe! Bunduki zilibadilishana pale ukutani. Iliyomuua alikuwa nayo wa kituo cha pili." Akamweleza yote, mpaka kopo la mafuta la Mzee Makini.

Alitegemea kijana ataruka. Kitinda alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Dada, kwa hiyo mimi nilikuwa na ipi?"

"Tisa sifuri tatu sita."

"Umewaandikia?"

"Nimewaandikia vizuri sana. Sijawahi kuandika vizuri vile."

Askari wa zamu aliacha kusoma ukuta. Kitinda aliweka kikombe sakafuni, polepole, kama chenye kitu kinacholala.

"Mimi siku hizi zote nilikuwa nasema labda ni mimi, labda siyo mimi," alisema. "Fundi viatu alikuwa kushoto. Mimi sikumbuki kugeuka kushoto. Nikasema basi maabara wanajua kuliko mimi. Sasa wewe unaniambia siyo mimi, na mimi nazidi kuchanganyikiwa."

"Unachanganyikiwa nini tena? Ulipiga hewani, wewe mwenyewe uliandika."

"Kila mtu aliandika hewani, Dada. Nilikuwa naogopa. Nilifumba macho."

Mama Funguo alitaka kucheka, amwambie asiwe mjinga, mtu akifumba macho bado anajua juu ni wapi. Badala yake akasogea karibu na vyuma.

"Uliangalia upande gani," aliuliza, "kabla hujafumba?"

"Kulia. Kwenye nguo zilizotundikwa. Zilikuwa zinapepea, nikadhani ni watu." Alimshika dada yake kidole kile chenye wino, kupitia vyuma, kama alivyokuwa akimshika wakivuka barabara. "Yule mama wa nguo, wanampasua lini watoe risasi?"

"Kesho asubuhi," Mama Funguo alisema. Kidole chake, ndani ya ngumi ya mdogo wake, kilikuwa kimeanza chenyewe kuhesabu risasi: moja, mbili, tatu.