Ukuta wa Fundi Kioo

Nyumba ile ilikuwa imekula chumvi nyingi. Mama alizaliwa humo, akalea watoto wake humo, akafiwa na mume humo, na macho yake yalipozima miaka sita iliyopita hakuona sababu ya kuihama. Ndani ya nyumba ile hakutumia fimbo wala hakuhitaji wa kumshika mkono. Alitoka chumbani, akafuata korido, akaingia jikoni na kuchemsha chai yake, na mgeni asiyejua angeapa kwamba mama huyu anaona kuliko yeye.

Kisha mvua zikaja, na kipande cha dari kikaanguka juu ya kitanda chake. Bahati nzuri wakati huo alikuwa msalani. Kaka mkubwa, ambaye hubeba wasiwasi kwa niaba ya ukoo mzima, akampeleka kwa mama mdogo na kutangaza kwamba sasa yamekwisha, Mama atazeekea huko. Mdogo wake, mshonaji ambaye nyumbani wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, akasema haiwezekani. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana kwamba Kitinda apewe miezi mitatu aikarabati nyumba. Mama akirudi na kuweza kujitembelea mwenyewe kama zamani, atabaki. Akianza kupapasa na kujikwaa, begi lake litarudi kwa mama mdogo siku hiyo hiyo.

Mama mwenyewe alipoulizwa, alisema mama mdogo ni mwema sana, ila pale kwake amegeuka kiti: anawekwa, anahamishwa.

Kitinda akamtafuta Fundi Kioo. Jina hilo alilipata kwa lipu zake. Watu walisema nzi akitua kwenye ukuta wake huteleza. Alikuwa na maringo kidogo, na kusema kweli alistahili. Alibadilisha mbao za paa zilizooza, akapiga dari upya, akanyoosha madirisha yaliyokuwa yameinama kama wazee. Kwenye ukuta wa korido, usawa wa kiuno, alikuta mfuo mrefu uliochimbika kutoka mlango wa chumba cha Mama hadi jikoni. Akauliza kama auzibe. Kitinda, ambaye pindo likipinda kidogo tu hulifumua lote, alishangaa hata kuulizwa. Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta? Mfuo ukazibwa. Kizingiti cha jikoni kilicholika katikati kikang'olewa, kikawekwa kipya. Mlango wa jikoni uliokuwa ukilia kila ukiguswa ukapewa bawaba mpya, nao ukanyamaza.

Kila jioni Kitinda alisimama koridoni akiitazama kazi na kujipongeza. Aliitazama tu, na kosa lake lilikuwa hapo.

Siku Mama aliporudi, Fundi Kioo alikuja na shati safi kupokea sifa zake. Kaka mkubwa aliingia na begi mkononi. Mama akavuta harufu ya rangi, akatabasamu, na mkono wake wa kushoto ukaenda ukutani. Ukapanda kidogo. Ukashuka. Ukapanda tena. Akapiga hatua mbili, akasimama katikati ya korido kama mgeni asiyejua aketi wapi.

"Nyumba nzuri," akasema. "Ya nani?"

Ndipo Kitinda alipojua ni nini kilichouchimba ule mfuo. Ni vidole vile vile vilivyokuwa vinatafuta mbele yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kaka alihamisha begi kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Mama, nimeuziba mimi," Kitinda akasema. "Niliutazama nikaona ubovu."

"Na mlango wangu mmeunyamazisha?"

"Nao pia."

Mama hakukasirika. Alieleza taratibu kwamba mfuo ule aliuanza akiwa bado anaona, usiku na usiku, mkono wa kulia una mtoto na wa kushoto unafuata ukuta, na kwamba huyo mtoto wa mwisho ndiye aliyekuwa akilia kuliko wenzake. Sasa hana tena miaka ya kuchimba mwingine. Akageuza uso upande aliposikia fundi akikohoa.

"Fundi, saruji imebaki?"

Fundi Kioo alielewa kabla ya wengine. Akavua shati, akachukua nyundo na patasi, akaanza kuubandua ukuta wake mwenyewe, uso wake kama wa mtu anayemchinja kuku aliyemlea. Akaukwangua ukanda mzima, akaulowesha, akapaka saruji mbichi. Mama akazamisha vidole viwili, akatembea kwa mwendo wake mwenyewe. Mfuo ukapanda, ukashuka, ukayumba. Alipofika mlangoni pa jikoni alikipima kizingiti kipya kwa mguu, akabonyeza dole gumba ukutani kwa nguvu kuweka alama. Fundi akanyanyua mwiko anyooshe sehemu moja iliyopinda. Kitinda akamshika mkono.

Kitinda akaenda kufukua bawaba za zamani kwenye kopo la takataka, akazirudisha kwa bisibisi huku akijikwaruza vidole. Mlango ukalia vile vile kama zamani.

Mama akanawa, akarudi chumbani, kisha akatoka tena peke yake. Vidole vyake vilipita juu ya mfuo kwa wepesi. Kwenye alama ya dole gumba akainua mguu, akavuka. Mlango ukalia. Wote watatu walibaki koridoni wakisikiliza maji yakiingia kwenye birika, na Kitinda akalia bila kujificha.

Kaka akasafisha koo na kuuliza kwa sauti begi liwekwe wapi.

"Chumbani kwangu," Mama akajibu kutoka jikoni. "Fuata ukuta. Ila usiuguse, bado mbichi."