Saa za Mikaela

Simu ilipolia saa nne asubuhi, Bernadine Tollefson alijua ni Joyce wa benki, na alijua pia kwamba Joyce hakumtaka yeye.

"Bernadine, mwenzangu, hujambo? Yule binti yupo?"

"Binti gani?"

"Kwani unao wangapi? Mikaela! Nina nyumba kule kilimani, mteja ananichemkia. Mtume yeye. Ripoti akiandika yeye, hata mimi nisiyejua uthamini naelewa."

Bernadine alisema sawa, akakata simu. Miaka thelathini na moja alikuwa amepima nyumba za mji wa Duluth na kuzikadiria bei, akitambaa kwenye madari na kukanyaga theluji ya watu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ripoti zake zinaeleweka. Huyu mwanagenzi, mwaka wa pili tu, anaulizwa kwa jina! Tusimfichie: alichokisikia kifuani kilikuwa wivu mtupu, na aliusikia kila siku akinywa kahawa ya kwanza.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemchukua. Mikaela Saari alikuwa ameacha kazi ya ofisi yenye bima ya hospitali ili awe mthamini. Madarasa alikuwa ameyamaliza. Kilichobaki ni saa elfu moja na mia tano za kazi chini ya mtu mwenye leseni, kisha mtihani wa bodi ya jimbo inayotoa leseni. Kila saa iliandikwa kwenye daftari: mwanagenzi alifanya nini, msimamizi alifanya nini, na mwisho wa ukurasa saini ya Bernadine. Bila saini hiyo hakuna mtihani, na bila mtihani miaka miwili imekwenda na maji.

Mambo yaliharibika wiki chache baadaye, nyumbani kwa mzee Lindquist. Nyumba yake imejengwa kwenye mteremko, kama nyingi za mji ule. Mbele ghorofa ya chini ina madirisha makubwa yanayotazama ziwa, nyuma imezama udongoni. Bernadine aliipima, akavutiwa na mwanga uliojaa mle ndani, akaijumlisha na ghorofa za juu.

"Bosi," Mikaela alisema polepole, "ukuta wa nyuma si umo ardhini? Ghorofa iliyozama tunaiandika peke yake, haijumlishwi na za juu. Hata ikizama kidogo tu."

Alikuwa sahihi. Hilo ni somo la wiki ya kwanza, na Bernadine ndiye aliyemfundisha. Mzee Lindquist akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza.

"Ala! Hapa mwanafunzi ni nani na mwalimu nani?"

"Tunafundishana," Bernadine alijibu, akacheka naye. Ndani alikuwa anaungua.

Ripoti ile Mikaela aliiandika yote. Alitafuta nyumba tatu zilizouzwa karibuni za kulinganisha bei, akaeleza tofauti zake kwa maneno mepesi, akachora ramani ya vyumba. Bernadine alikagua, akafika mahali ambapo anayetia saini hutakiwa kumtaja kila aliyetoa msaada wa maana katika kazi hiyo. Akapaacha wazi. Akatia saini yake chini ya maneno kwamba hakuna mwingine aliyesaidia, akaituma benki. Alijiambia kwamba akiulizwa atasema amesahau.

Hakuulizwa. Basi akasahau tena, na tena, mpaka zikawa nyumba nne. Na Joyce akaanza kuzisifu hizo nne kwa jina la Bernadine, na Bernadine akapokea sifa zile kwa mikono miwili. Alilala usingizi mzuri wiki hizo, jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko uongo wenyewe.

Alhamisi moja Mikaela aliingia, akapangusa theluji kwenye viatu, akaweka daftari mezani.

"Naomba saini, bosi. Ukurasa wa mwezi."

"Zimetimia? Si uliniambia kujiandikisha mtihani kunafungwa kesho?"

"Zimepungua thelathini na nane. Nitajiandikisha kwa ule wa majira ya kuchipua."

Bernadine alivaa miwani. Alisoma mistari mmoja mmoja, kwanza akitafuta kosa, maana kosa lingemfurahisha. Hakuliona. Ila nyumba ya Lindquist haikuwemo. Wala ile ya matofali karibu na kiwanda. Wala zile nyingine mbili.

"Ya Lindquist mbona hujaandika? Si ulikesha nayo?"

"Jina langu halimo kwenye ripoti. Kama halimo, bodi haizitambui saa zake. Nikiziandika nitakuwa nadanganya."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mikaela alivuta glavu zake, kidole kimoja kimoja.

"Ile ya kwanza nilidhani umesahau. Ya pili nikadhani unanipima kama nitaiba saa. Ya tatu nikajua."

"Ukajua nini?"

"Kwamba hunitaki." Alisema bila kupandisha sauti. "Si neno, bosi. Ofisi ni yako. Lakini usiniulize tena kana kwamba sijui."

Akatoka kwenda kuwasha gari. Bernadine alibaki na daftari. Ungedhani sasa wivu ungemwisha, lakini haukuisha, ulihamia tu mahali pengine. Alimwonea binti yule wivu hata kwa unyofu wake. Mtu anakosa mtihani wake kwa kalamu ya mwingine, na bado hajiongezei hata saa moja! Bernadine naye alikuwa hivyo zamani, alipokuwa na leseni mbichi na viatu vya kuazima, na hakukumbuka ni mwaka gani alipoacha.

Njia ya kusahihisha ilikuwepo, na ilikuwa moja. Azitoe upya ripoti zote nne, amtaje Mikaela, aeleze kwa nini hakutajwa mwanzo. Kuandika "nilisahau" mara nne asingeaminiwa na mtoto wa chekechea. Na akiandika ukweli, benki italazimika kupeleka habari kwa bodi ya jimbo, na bodi inaweza kumzuia kusimamia mwanagenzi yeyote, labda hata kuigusa leseni yake.

Alikaa mpaka supu yake ya mchele wa mwituni ikaganda kwenye bakuli. Kisha akafungua ripoti ya Lindquist, akaandika: *Mikaela Saari alifanya sehemu kubwa ya kazi hii. Niliacha kumtaja kwa makusudi.* Akafanya hivyo kwa zote nne, akazituma kabla hajabadili nia. Halafu akaongeza saa arobaini na moja za nyumba hizo kwenye daftari na kutia saini.

Ijumaa asubuhi, Mikaela akiwa mezani kwake anajiandikisha mtihani, mashavu yamemwiva kwa furaha aliyojaribu kuificha, Joyce alipiga.

"Bernadine, nimezisoma. Unajua lazima nizipeleke kwa bodi?"

"Najua."

"Pole, mwenzangu. Sikutegemea." Joyce alisikika akipekua karatasi. "Hizo nne ndizo tulizozipenda sana huku, wajua. Nilishamwambia hata mkuu wangu, jamani, Bernadine wetu wa zamani amerudi."

"Nimerudi kutoka wapi?"

Joyce alikohoa, akasema mteja anamngoja, akakata simu.