Siku Waliyoinyamazisha Ngoma ya Loisi

Ijumaa ya tarehe kumi na tisa Januari, mwaka 2024, alasiri, gari la matangazo lilisimama mbele ya nyumba ya Bartolomayo. Kijana mwenye tai akateremka, akamwamuru Loisi aache kupiga ngoma. Hata shikamoo hakutoa. Alisema kuna mgeni mkubwa anaweka jiwe la msingi upande wa Mtumba, na mlio ule unaleta taharuki. Agizo, alisema, limetoka juu.

Kijana yule hakujua anazima nini. Wala hakuuliza. Ndio watu tunaoletewa hao.

Kitongoji kile, mashariki ya Nzuguni, kilikuwa na watu wake wa kutafuta waliopotea tangu ofisi za serikali hazijahamia Dodoma. Hawakuwa na sare, hawakuwa na jina. Ng'ombe wakirudi bila mchungaji, au mtu akiondoka asionekane, Loisi, mke wa Bartolomayo, alitoa uani ngoma yake ya muheme, ile ya wanawake wa Kigogo, akaibana mapajani kama alivyofundishwa na mama yake, akaanza kupiga. Watu waliacha majembe, wakaingia porini kila mmoja na upande wake. Pori la migunga halina alama. Ukizunguka kidogo tu hujui ulikotoka. Lakini ngoma ikilia, unajua nyumbani ni wapi. Na ikinyamaza, ilikuwa na maana moja: aliyepotea amepatikana, rudini wote kwa njia ya mkato.

Njia ya mkato ilipita katikati ya mto wa mchanga. Mwaka karibu mzima ni mkavu, watu wanachimba maji ndani yake. Siku mvua ikinyesha milimani, unashuka kama lori lililokatika breki.

Bartolomayo, fundi matofali aliyeishia darasa la tatu, mpaka leo akikaa peke yake huzikumbuka jioni zile. Aliyepatikana alikuwa na adhabu yake: lazima acheze. Kuna bwana mmoja wa ofisini, Raphael, alikuja kuangalia kiwanja, dalali akamkimbia, akatangatanga porini mpaka viatu vikaachama. Walipomleta, Loisi alibadilisha mapigo, akamwambia, "Haya baba kiwanja, lete mabega hayo tuyaone!" Bwana akacheza na soksi zake zilizotoboka, wanawake wakampigia vigelegele hadi akaanza kucheka mwenyewe. Mavuno yalipofika alirudi na gunia la mchele. Enzi hizo hata wakubwa walikuwa na haya.

Na Bartolomayo akitokea vichakani wa mwisho, ana vumbi mpaka kwenye kope, Loisi alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Umechelewa. Nilishaanza kutafuta mume mwingine."

"Umempata?"

"Wapi! Wote wamepotea."

Halafu ugali wa uwele na mlenda, watu wamekaa chini, kila mmoja anasimulia mwiba wake.

Ijumaa ile walikuwa wanamtafuta Bibi Anjelina, kikongwe aliyekuwa ameanza kusahausahau. Ngoma ilipokatika, Bartolomayo alisema, "Kapatikana bibi yetu," akatangulia kushuka mtoni, wenzake nyuma yake. Walipoukanyaga mchanga wakaona mtu ng'ambo, juu ya ukingo, anapunga kanga kwa mikono miwili. Alikuwa Loisi. Alijua ule ukimya utawaleta pale, na alikuwa ameyaona mawingu yalivyolalia mlima.

"Rudini! Rudini mlikotoka!"

Wakageuka, wakakimbia, wakapanda. Maji yakapita nyuma ya visigino vyao. Bartolomayo alipotazama ng'ambo, ukingo ulikuwa umemeguka, na pale penye kanga hapakuwa na kitu.

Walimpata Jumapili, chini kabisa, karibu na mashamba ya zabibu. Na Bibi Anjelina? Alikuwa Majengo kwa mjukuu wake, anakula maandazi. Alikwenda na bajaji.

Bibi hakuwa na kosa. Uzee ni uzee. Bartolomayo alimjua wa kumlaumu, ila hakujua anakaa ofisi ipi. Kwenye mazishi wakubwa walimtuma mtu na shada la maua, akasimama akasema ni mapenzi ya Mungu. Bartolomayo akajisemea moyoni, Mungu hana gari la matangazo.

Akaitundika ngoma chumbani, akafunga mlango, ufunguo akauvaa shingoni.

Desemba iliyopita, asubuhi, Geofrey wa bodaboda, ambaye sasa ndiye anayewaongoza watafutaji, alifika na Violeth, binti aliyekuwa akikaa ubavuni mwa Loisi akijifunza kupiga.

"Mbukwenyi, mzee."

"Mbukwa. Kama mmefuata ngoma, njia ya kurudi mnaijua."

"Masudi hajaonekana tangu jana," Geofrey akasema. "Alitoka kutafuta mbuzi wake."

Masudi ni Mnyamwezi, fundi baiskeli, mtani wa Bartolomayo wa miaka mingi. Mzee akaushika ufunguo shingoni.

"Si watu wa ofisini waliwapa filimbi badala ya ngoma?"

"Tumepiga tangu alfajiri. Ndege wanatuitikia."

Violeth akapiga magoti. "Baba, nitakaa mimi pale. Mama alinifundisha yote."

"Ndiyo sababu sikupi."

"Unaogopa nitakufa?"

"Naogopa watakuja tena na tai zao."

"Wakija, sinyamazi. Wanibebe na ngoma yangu mapajani."

Bartolomayo alitaka kumkaripia. Lakini alimfikiria Masudi, mtu wa maneno mengi vile, amelala mahali fulani ametega sikio na hasikii kitu. Akavua ufunguo. Ngoma akaitoa mwenyewe, akaianika juani mpaka ngozi ikakaza, akampelekea Violeth. Kisha akachukua fimbo yake akaingia porini na wenzake. Mgongoni mlio ulikuwa ule ule. Akajikuta anatembea kama zamani, hageuki kuangalia, anajua tu nyumbani ni wapi.

Walimpata Masudi kwenye korongo, mguu umevimba kama boga, mbuzi wote wamemzunguka.

"Mtani," akasema kwa sauti iliyokauka, "nilisikia ngoma nikadhani nimeshakufa, nimeangukia harusi ya Wagogo. Nikasema, basi, sitashiba!"

"Ungekufa tungeshiba sisi. Mbuzi wamenona."

Walimrudisha kwenye machela ya miti. Violeth akabadilisha mapigo, na Masudi, amelala chali, akacheza kwa mabega. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bartolomayo naye alicheka, halafu akageukia ukutani, akajifuta uso kwa mkono.

Wiki iliyofuata alikuja dada mmoja wa ofisini, Bupe, na vizibao vinavyong'aa. Huyu alikuwa na adabu. Alipiga goti, "Shikamoo baba," akaitikiwa. Akawapongeza kwa kumwokoa Masudi. Ndipo akatoa lililomleta: viwanja vimejaa watu, malalamiko ya kelele yamefika, kwa hiyo kuanzia sasa ngoma isipigwe bila kibali, na siku za wageni isipigwe kabisa.

"Nani kasema?" Geofrey akauliza.

"Ni maelekezo. Kutoka juu."

Violeth aliivuta ngoma karibu na magoti yake. Watu wote wakamgeukia Bartolomayo, wakidhani atatukana, maana tangu msiba ndivyo walivyomzoea. Hakutukana. Alimweleza Bupe taratibu maana ya ngoma kulia, maana ya kunyamaza, na mto ule unavyoshuka. Bupe alisikiliza hadi mwisho, kalamu imesimama mkononi.

"Baba, nitalifikisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Lifikishe hivi hivi, mwanangu, usilipambe. Mkiinyamazisha tena watu wakiwa porini, nani kati yenu atakayekimbia mpaka mtoni kuwarudisha?"