Kigodoro cha Mtoto wa Munira

Tusidanganyane, Mwaija alijitakia mwenyewe. Angefunga mdomo siku ile kule Handeni, leo angekuwa anabembeleza mjukuu. Lakini Mwaija na kufunga mdomo, wapi na wapi.

Mwanamke huyu anafua mitumba Korogwe ya Zamani, kando ya Mto Pangani. Makoti na masweta ya manyoya yakifunguliwa kwenye marobota, yeye huyafua kwanza, ndipo mfanyabiashara Sabiri akawauzie watu wa Lushoto na baridi yao. Miaka miwili iliyopita walikuja watu wa mazingira, wakawaeleza wafuaji kwamba manyoya yale ni plastiki: kila ukifua yanachomoka, yanashuka na maji mpaka baharini, samaki wanayala. Wakawafundisha kuchuja maji ya povu kwa kitambaa kizito kabla ya kuyamwaga. Wakapiga picha, wakaenda zao.

Wenzake walichuja kidogo, wakachoka. Mwaija akang'ang'ania. Serafina, anayefua jirani naye, alimcheka kuliko wote, akasema Mwaija anafuga vumbi. Mwaija alimjibu kwamba samaki hao hao ndio wanaoliwa na watu. Ana kiburi, na mimi nampendea kiburi hicho. Manyoya aliyakausha, akayajaza kwenye viroba bila kujua ayafanyie nini, mpaka Munira alipopata mimba.

Munira ni binti wa marehemu kaka yake. Mwaija mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alimlea huyo tangu hajui kutembea, akamsomesha kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni, akamwoza Handeni kwa watu wenye duka. Na kwao, mtoto wa kwanza akizaliwa, shangazi ndiye anayepeleka malazi. Basi akayachambua manyoya yake, akayachemsha, akayaanika tena, akashona kigodoro. Jamani, kilikuwa laini kuliko sufi. Alitaka kitu kimoja tu: mjukuu alale juu ya kazi ya mikono yake, na watu wale wajue kwamba Munira ana kwao.

Siku ya kumtoa mtoto nje, wanawake walijaa uani. Hajira, mama mkwe wa Munira, alikibonyeza kigodoro, akakisifu, akauliza sufi nzuri namna ile imepatikana wapi. Hapo angesema sokoni, yakaisha. Yeye akaeleza yote: mitumba, povu, kitambaa, bahari, samaki. Alieleza kwa raha, akidhani anazidi kuipamba zawadi yake. Hajira akauondoa mkono wake, akaufuta kwenye kanga.

"Mkwe, nguo za watu tusiowajua, pengine ni za maiti," alisema. "Uchafu wake ndio umemletea mjukuu wangu?"

Mwaija aligeuka. Alimtazama Munira. Neno moja tu alilingoja, kutoka kwa mtoto aliyekula na kusoma kwa povu hilo hilo. Munira alimkumbatia mwanawe, akainamisha kichwa.

"Rudi nacho, shangazi," alisema. "Usinitie aibu mbele za watu."

Walimpa chakula, akala, maana kususa nako ni aibu. Kisha akapanda basi la Korogwe, kigodoro mapajani. Abiria wa pembeni alimuuliza kama anakiuza, hakumsikia.

Hakupitia nyumbani. Aliteremka moja kwa moja mpaka pale wanapofulia, wenzake wakiwa bado wanasuuza, akaomba wembe, akakipasua kigodoro, akaanza kuyamwaga manyoya mtoni. Kazi ya miaka miwili ikaelea kuelekea Hale, njia ya baharini. Serafina aliacha nguo zake, akamshika mkono, akamkumbusha wale samaki. Safari hii hakuwa anacheka.

Mwaija akajinasua, akaukung'uta mfuko wa kigodoro mpaka kwenye pembe zake.

"Yaache yaende," alisema. "Baharini sina mkwe."