Cheti cha Kutokosa Shule

Kosa nililifanya mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Kikao kile kilikuwa cha kuamua kama kipandauso changu, yale maumivu makali ya upande mmoja wa kichwa, kinanipa haki, kisheria, ya kufanyia mitihani kwenye chumba chenye mwanga hafifu na kuongezewa muda. Bila hivyo ningefeli kemia na kuirudia mwaka mzima. Na mimi, Signe Kowalczyk, msichana wa miaka kumi na sita mwenye akili timamu, nikaingia nimebeba cheti cha kutokosa shule hata siku moja kwa miaka mitatu. Mama alikuwa amekitia kwenye fremu.

Bi Thornquist, naibu mkuu wa shule yetu pale Duluth, alikipokea kwa mikono miwili.

"Hongera, Signe! Sasa hebu niambie, mgonjwa gani huyu asiyeumwa?"

Nikatabasamu. Naam, nilitabasamu! Nilikuwa nimejipaka hata poda nisionekane nimepauka. Ukitafuta mtu wa kujichimbia kaburi, niite mimi, jembe nitakuja nalo.

"Sheria haisemi lazima awe hoi kila siku," akasema Bwana Okerlund, muuguzi wa shule, akifungua daftari lake. "Maumivu yakija na kuondoka, haki yake haiondoki. Mwaka huu amelala kwenye chumba changu cha wagonjwa mara thelathini na nane. Shuleni alikuwepo. Darasani hakuwepo."

"Mara ngapi?" Mama, aliyeketi kando yangu, akanigeukia. Nyumbani nilikuwa nimekiri kulala huko mara tatu tu.

Mwalimu wangu wa kemia, naye akiwa kikaoni, akasogeza mtihani wangu mezani. "Hili nalo nieleze. Mbona umejibu maswali ya kulia tu?"

"Ya kushoto sikuyaona." Machozi yakaanza kuchora mifereji kwenye ile poda. "Kipandauso kikianza, upande mmoja wa ninachokiona unafutika. Niliogopa mtaniita mvivu."

Bi Thornquist hakuuliza tena. Alijaza fomu, wote wakatia sahihi, chumba na muda nikapewa. Nikatoka kifua mbele kama wakili, na hoja hata moja sikuwa nimeitoa.

Kwenye gari Mama hakuwasha injini. Alishika usukani, macho mbele.

"Zile asubuhi tunakula uji, wewe unanitazama na kunichekea," akasema. "Ulikuwa unaniona, mwanangu?"

Nilitafuta mzaha, nikaukosa.

"Nusu, Mama."