Reli ya Alute

Serikali ilipong'oa reli ya kutoka Manyoni na kuipeleka kusini kwenye shamba lake la karanga, Antipasi wa Unyambwa alipageuza juu ya tuta lililobaki kuwa uwanja wa kupuria mtama. Udongo wa tuta ulikuwa mgumu kama sakafu. Watu wa Unyambwa ndio walioushindilia miaka ile ya kujenga reli, bila ujira na huku wakisimamiwa na fimbo, kwa hiyo hakuna aliyeona vibaya kuutumia. Mwezi wa saba Antipasi akapika pombe, akaita majirani waje kupura, na kama ilivyokuwa desturi akamwita Alute na gitaa lake. Wanawake walikuwa wamezoea kupura kwa mdundo wa Alute. Bila yeye fimbo zilianguka ovyo na punje zikarukia kwa kuku.

Alute hakupiga gitaa kama wanavyolipiga watu wa mjini. Alilinunua kwa askari aliyerudi kutoka Burma, likiwa na nyuzi sita, na tano zikakatika kabla hajajua za nini. Dukani Singida Mhindi aliuza sukari, kandili na hata miwani ya kusomea, lakini nyuzi za gitaa hakuwa nazo, na hakuona sababu ya kuwa nazo. Basi Alute akafunga waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi mnene, akabaki na wa zamani mmoja mwembamba, na kazi nyingine yote akaliachia sanduku lenyewe. Kidole gumba kilivuta waya. Kiganja kilipiga tumbo la gitaa chini ya tundu, mahali panaponguruma. Vidole vilidonoa begani, mahali panapolia kikavu, na kucha zikaparuza ubavuni kama mtu anayepepeta uwele. Hata mkono wa kushoto, ambao kwa wapigaji wengine hukaa shingoni tu ukitafuta sauti, wake ulishuka kila mara kuuzaba kofi ubao wa nyuma. Padre wa misheni alimsikia mara moja, akasema gitaa lile linapigwa kama mwizi wa kuku. Kwa Unyambwa hiyo ilikuwa sifa.

Siku hiyo jua lilipokuwa kali na wanawake wakaanza kulegea, Alute alibadili mdundo ili awachangamshe. Akapiga garimoshi. Alilijua vizuri, maana alikuwa mmoja wa walioshindilia kokoto chini ya mataruma, na kibarua wa reli hulisikia garimoshi kwa nyayo kabla ya masikio. Akalipiga linavyokuja kutoka Manyoni, mabehewa matupu yakigongana na kuchekana njiani.

Likaja.

Lilisimama juu ya tuta, likapumua, na magurudumu ya mbele yakalalia rundo la masuke. Dereva alikuwa Idrissa yule yule wa zamani. Akachungulia, akasema, "Shikamooni wazee. Maji yapo?"

Wakamletea maji ya kisima kwa debe. Antipasi alingoja mpaka mgeni anywe na garimoshi linywe, ndipo akasema, "Idrissa, umelala juu ya mtama wangu."

"Mzee, mimi nafuata reli."

Antipasi akainama, akatazama chini ya magurudumu. "Haipo."

"Basi mwambie huyo anyamaze," Idrissa akasema, akimwonyesha Alute kwa kidevu. "Mimi nikiitwa naitika."

Alute akapiga linavyoondoka, na garimoshi likaondoka. Wanawake wakapura masuke yaliyobaki. Antipasi alilalamika wiki nzima kuhusu yale yaliyosagwa, na haki alikuwa nayo.

Habari ilifika bomani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ambaye ndiye aliyeandika kwamba reli ile ina hasara na ing'olewe. Alikuja mwenyewe kuangalia. Aliona garimoshi lisilotaka reli, wala mataruma, wala vibarua wa kushindilia, akafurahi sana, kwa kuwa hivyo ndivyo siku zote alivyotamani reli iwe. Akamwandika Alute kazi ya serikali, akampa kofia ya kaki. Kila Jumanne asubuhi alitakiwa kukaa juu ya tuta na kulileta garimoshi, na likishajazwa, aliondoe. Siku nyingine zote alikatazwa kabisa kulipiga gitaa, maana sasa lilikuwa chombo cha reli. Ndiyo maana mwaka ule Unyambwa nzima ilipura mtama kimya kimya, na kuku wakanenepa.

Garimoshi la Alute lilibeba mtama. Lilibeba ng'ombe na ngozi. Lilibeba na vijana, wale waliokuwa wakiandikwa kwenda Tanga kukata mkonge, walioitwa manamba kwa sababu huko mtu huitwa kwa namba yake. Liliondoka zito, limejaa mpaka mlangoni, na Jumanne iliyofuata likaja tena tupu, likigongana na kuchekana.

Raheli, mama yake Alute, alikuwa halikosi hata mara moja. Alikuja na bakuli la ugali wa uwele na mlenda, amelifunika kwa ungo mdogo, akapita dirisha baada ya dirisha akichungulia mabehewa matupu, kisha akarudi nyumbani na bakuli lake. Mwanawe wa kwanza, Gabrieli, aliondoka na garimoshi wakati reli ilikuwa bado ya chuma. Alisema anakwenda msimu mmoja tu. Mtu mmoja wa kijiji cha Puma, aliyerudi kutoka Tanga kwa miguu, alisema amesikia kwamba Gabrieli alikufa kwa homa. Lakini kusikia si kaburi. Raheli hakuweza kulia, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kulilia, na hakuweza kuacha kupika. Alikuwa amekwama hapo katikati, na ilimuuma kila siku, na alisema hivyo kwa yeyote aliyemuuliza hali.

"Mwanangu," alimwambia Alute jioni moja, "mbona kila siku unalileta tupu? Mkono mtupu haulambwi."

"Mama, ndivyo linavyolia likija. Mimi napiga nilichosikia."

"Lipige likija limejaa."

"Sijawahi kulisikia."

Ilikuwa kweli. Jumanne iliyofuata akamuuliza Idrissa, na Idrissa, aliyekuwa na miaka mingi katika kazi ile, akakuna kichwa. "Kuja huku limejaa?" akasema. "Hapana. Huku huwa linakuja kuchukua." Wakawauliza wazee, wakamuuliza aliyekuwa mwasha taa wa kituo. Singida nzima hakukuwa na sikio hata moja lililowahi kusikia garimoshi likija limejaa.

Raheli hakuwa mtu wa kushindwa na jambo la namna hiyo. Alimpeleka mwanawe ndani ya tembe, mbele ya kilindo cha gome wanachohifadhia nafaka.

"Hiki kikiwa tupu unajuaje?"

"Nakigonga."

"Na kikijaa?"

"Kinalia kizito."

"Haya. Basi hilo lako lina njaa tu."

Akashusha kibuyu cha mbegu, mtama aliouchagua suke kwa suke kwa ajili ya kupanda, akaumimina wote kwenye tundu la gitaa. Alute hakumzuia, ingawa alijua mbegu nyingine nyumbani haikuwepo. Aliligonga tumbo. Halikunguruma tena, lililia kifupi na kwa uzito, kama ngumi kwenye gunia, na punje zikateleza ndani zikisikika kama kokoto zinazokanyagwa.

Jumanne akalipiga hivyo. Garimoshi likachelewa kidogo kuja, na lilipokuja halikuchekana wala kugongana. Lilikuja polepole, likilalamika kwenye vyuma.

Lilijaa manamba. Walikaa wamebanana kwenye mabehewa yote, wazima na waliokufa, wamechanganyika. Wazima waliomba maji. Waliokufa hawakuomba kitu, wakawapisha wenzao madirishani wapate hewa. Hakuna aliyeshuka, kwa sababu mlangoni alisimama nyapara wao, mtu mstaarabu mwenye soksi ndefu na kifimbo.

Raheli alimkuta Gabrieli kwenye behewa la nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Nimekufa, mama."

"Nilisikia. Kula kwanza."

Gabrieli akapokea bakuli, maana chakula cha mama hakikataliwi. Alikishika kidogo mbele yake, akakinusa, kisha akampa kijana aliyekaa pembeni, ambaye alikuwa mzima na alikila chote.

"Sasa shuka twende nyumbani," Raheli akasema.

"Siwezi, mama. Nyapara anasema sijamaliza kazi. Tangu nife wameniandika mtoro."

Nyapara alieleza bila hasira. Mgonjwa hafanyi kazi, akasema, na maiti ndiye hafanyi kabisa, kwa hiyo siku zake haziwezi kuhesabiwa. Kama kufa kungemaliza mkataba, wangekufa wote. Raheli akamgeukia Bwana Shauri, aliyekuwa amekuja kusimamia upakiaji. Bwana Shauri alisikitika, tena si kwa kuigiza, akavua kofia mbele ya yule mama. Akasema mkataba ni mkataba. Akasema pia kwamba magunia na ng'ombe wako juani tangu asubuhi, na garimoshi lililojaa halipakiki, kwa hiyo Alute afanye hima aliondoe, na kuanzia wiki ijayo alilete tupu kama taratibu zinavyotaka.

Alute hakuliondoa. Alishika mdundo wa garimoshi lililosimama, ule wa kupumua tu, kiganja na kucha, kiganja na kucha. Alijua kwamba akiuachia litakwenda. Alikuwa akiitazama mikono ya kaka yake dirishani. Gabrieli ndiye aliyemfundisha kupiga, kwenye mgongo wa debe, wakiwa wachunga ndama, na enzi hizo hapakuwa na vidole vyepesi kama vyake Unyambwa nzima. Sasa vilikuwa vimekakamaa, vimejaa makovu ya miiba ya mkonge, na viwili havikukunjika tena. Alute akaitazama na mikono yake mwenyewe. Aliogopa. Lakini hakuacha kupiga.

"Bwana nyapara," akasema, "akipatikana wa kummalizia kazi yake?"

"Mkono ni mkono," nyapara akasema.

"Alute!" Raheli akapiga kelele. "Hapana! Sikukuzaa uwe chenji!"

"Mama, huyu mzike. Ulie, upumzike."

"Usipande, mdogo wangu," Gabrieli akasema. "Kule hakuna anayepiga kitu."

"Shuka, kaka. Mikono imeanza kuchoka."

Akapanda ngazi akiwa bado anapiga, kiganja na kucha, na nyapara akampisha kwa adabu. Gabrieli akashuka. Alipokanyaga udongo wa tuta alimshika mama yake begani, akakaa chini taratibu, akalala, na hakuamka tena, kama maiti yeyote. Mlangoni pa behewa Alute akabadili mdundo. Garimoshi likaondoka na mtama wa mbegu ukiteleza ndani ya gitaa, na sauti yake ilisikika mpaka lilipopotea nyuma ya majabali. Idrissa peke yake ndiye aliyepunga mkono.

Gabrieli akazikwa nyumbani kwao kama inavyotakiwa. Majirani walichimba, Antipasi akatoa ng'ombe na hakulalamika, padre akaja. Raheli alilia siku zote za matanga, akalia mpaka sauti ikamkauka, na waliokaa naye wakashindwa kujua analilia yupi.

Jumanne ilipofika, mizigo ilipangwa juu ya tuta. Magunia yalikuwepo, ng'ombe walikuwepo, vijana walioandikwa walikuwa wamekaa kwenye mabegi yao. Walingoja mpaka jioni. Asubuhi yake Bwana Shauri akamtuma tarishi nyumbani kwa Raheli kuuliza kwa nini garimoshi halikuja na aliyelizuia ni nani.

Tarishi alimkuta kichwa kimenyolewa, anatwanga. Akampa shikamoo, akampa pole ya msiba, kisha akatoa ujumbe wa serikali.

Raheli akaushika mchi usianguke kinuni. "Mwambie Bwana Shauri," akasema, "mimi nilikuwa nao wawili tu. Wa kubadilishana na Alute sina tena."

Tarishi aliyafikisha maneno hayo kama alivyopewa. Bwana Shauri aliyasikiliza mpaka mwisho, akasema ni huzuni kubwa, na wiki ile ile ikatangazwa barazani, vijijini Mandewa na Unyambwa, kwamba serikali inatafuta mtu mwingine anayejua kupiga gitaa.