Ulimi wa Hezron

Siku ya kuondoa matanga ya Jairo, mwaka 1994, wanawake wa kijiji cha Kinyala walikaa nyuma ya nyumba wakimenya ndizi na kuzitia kwenye ndoo ya bati. Zilitoka kwenye mgomba ulio kando ya kaburi lake, ambao ulizaa na kukomaza ndizi katika siku tisa tangu azikwe. Maji ya ndoo yaligeuka njano, yakawa buluu, yakawa kijani, mwisho zambarau. Wanawake waliulizana kama rangi hiyo hutoka kwenye kanga.

Tusekile, mjane wa Jairo, aliendelea kumenya. Hasira ilikuwa imemkausha machozi. Mumewe aliugua kisukari, na tangu maduka ya dawa ya watu binafsi yaruhusiwe, alinunua chupa za dawa dukani kwa Hezron, mtaa wa Bulyaga. Hezron, aliyewahi kutunza maabara ya shule, aliuza maji ya njano yenye chumvi ya madini yaitwayo vanadi. Yakiingia mwilini, alisema, yanageuka buluu na kuteremsha sukari. Kweli sukari ilishuka. Jairo naye alishuka: akaharisha, akakonda, ulimi ukawa kijani. Hezron akamwambia hiyo ndiyo dalili ya dawa kukolea, aongeze kipimo.

Sasa Anyosisye, dada yake Jairo, mwenye sukari ileile, alishaanza kuulizia chupa. Tusekile alitaka jambo moja tu: Hezron akiri mbele ya wifi yake, kabla hajainunua.

Hezron alikuja kutoa rambirambi. Alikuta maji ya ndoo yangali yakibadilika, akayatazama. Mfuatano wa rangi zile aliufahamu tangu shuleni: ni wa vanadi. Lakini kukataa chakula cha msiba ni kujitangaza mchawi, kwa hiyo alikula. Wote walikula chungu kimoja.

“Ndaga fijo, mama,” alishukuru, na ulimi wake ulikuwa umegeuka kijani kama jani la chai.

Mzee Ambindwile, jirani wa marehemu, alisogea aone vizuri. “Ni Jairo huyo, amejitokeza,” alisema, akaomba aongezewe ndizi.

Tusekile alifurahi, wala hakuficha. “Sema sasa. Ulimpa nini mume wangu?”

Hezron alijifuta midomo. “Dawa, mama. Kwani hamuoni? Hata mimi naitumia, na mimi huyu hapa, mzima.”

Watu walimtazama. Alikuwa amenenepa vizuri.

Jumatatu foleni ilitoka mlangoni kwake hadi barabarani, wengine wametoka mbali, hadi Kisiba. Hezron alimfungulia kila mteja kinywa chake, auone ulimi wa kijani. Tusekile alifika na kikapu cha ndizi zilizobaki, akitaka Hezron ale mpaka aseme ukweli. Akamkuta Anyosisye kwenye foleni, ameshika chupa tupu.

“Toka hapo, wifi. Dawa hiyo ndiyo iliyomzika kaka yako.”

Anyosisye alitoa ulimi wake. Ulikuwa mwekundu.

“Nilikula chungu kilekile, wangu haukubadilika,” alisema. “Mimi sina dawa mwilini, ndiyo maana nimekuja.”

Foleni ikasogea, naye akasogea.